Sliki kwenye mashindano ya ridhaa ya lami: turuhusu au tukataze?

KonaYaPili (muuliza swali)

Habari za jioni wakuu. Tunaandika kanuni za mashindano madogo ya lami nje ya Kampala, gari moja moja likishindana na saa, na tumekwama kwenye kipengele cha matairi. Mzunguko una kilomita 1.6 na kona saba. Kona inayotutia wasiwasi ina nusukipenyo cha mita 40 hivi, na nje yake kuna mita 55 za murramu kabla ya ukuta wa matairi. Kila dereva anapata mzunguko mmoja wa kupasha moto, mitatu ya kupimwa muda na mmoja wa kupoza. Magari ni yale yale tuliyoyazoea: Impreza na Forester za turbo, Evo, Altezza, Mark X, na Starlet na Vitz zilizoongezwa nguvu. Wengi wanakuja na gari likitembea lenyewe barabarani, wanabadilisha matairi pale uwanjani, jioni wanarudi nalo nyumbani.

Sasa watu wameanza kuleta sliki (matairi ya mbio yasiyo na mifereji) zilizotumika, zile zinazoingia kwenye kontena pamoja na rimu zake. Upande mmoja unasema zikatazwe kwa sababu ni mchezo wa wenye pesa. Upande wa pili unasema mshiko mwingi ndio usalama, kwa hiyo ukizikataza unahatarisha watu. Naomba hoja zenye namba. Na kama tutakataza, tutapima kwa kigezo gani?

MkaguziLami

Ndugu, jibu umeliweka mwenyewe ndani ya swali: ni zile mita 55.

Kasi ya kwenye kona inategemea mshiko na nusukipenyo. Tairi zuri la barabarani kwenye lami kavu lina mshiko wa karibu 1.0 (nguvu ya kushika ukiigawa kwa uzito wa gari), na kwenye kona ya mita 40 linakupitisha kwa kilomita 71 kwa saa. Semi-sliki (tairi la kati, lenye mifereji michache) iliyopata moto, tuseme 1.2, inakupitisha kwa 78. Sliki iliyofika joto lake, 1.4, kwa 84. Mtu akisikia 71 na 84 anaona ni tofauti ya kawaida tu, lakini umbali wa kusimama unafuata kasi zidisha kasi. Gari likitoka na kuburuzika kwenye murramu mkavu, wenye mshiko wa kama 0.4, la 71 linahitaji mita 50. La 78 linahitaji 60. La 84 linahitaji 70.

Kwa nafasi yenu, mwenye tairi la barabarani anasimama na akiba ya mita 5. Mwenye semi-sliki anaufikia ukuta akiwa bado na kilomita 23 kwa saa. Mwenye sliki anaufikia na 39. Na hiyo ni murramu iliyoshindiliwa. Ikiwa juu kuna vumbi laini au imenyeshewa, mshiko unashuka chini ya 0.4 na hata wa kwanza hana akiba tena.

Ile kauli ya "mshiko mwingi ndio usalama" ingekuwa kweli kama dereva angebaki kwenye kasi ile ile. Habaki. Anayeshindana na saa anautumia mshiko wote aliopewa, na pale anapoukosa anatoka akiwa na kasi kubwa zaidi kuliko jirani yake. Ndiyo maana Formula 1 yenyewe iliziondoa sliki kuanzia 1998 hadi mwisho wa 2008, wakaendesha matairi yenye mifereji ili kupunguza kasi ya kona. Hao walikuwa na viwanja vyenye changarawe, kuta za kisasa na madaktari pembeni.

Kama mnataka sliki kwa lolote lile, ibaneni kona. Pangeni koni ili njia ya gari iwe na nusukipenyo cha mita 28 badala ya 40. Kwa mshiko wa 1.4 inarudi kwenye kilomita 71 kwa saa ile ile, na mita zenu 55 zinatosha tena. Koni ziwe ndefu, zipangwe kwa karibu, na kugonga moja iwe adhabu ya sekunde 2, vinginevyo watu watazipita juu.

FundiBoksa

Nakubaliana na mkaguzi kuhusu nafasi ya nje, ila kabla gari halijafika ukutani kuna mambo ndani ya gari lenyewe. Gari la barabarani limetengenezwa kwa mzigo wa tairi la barabarani. Ukilivisha sliki hujabadilisha tairi tu, umeongeza mzigo kwenye kila kitu kilichofungwa nyuma ya tairi.

Naanza na oili kwa sababu ndiyo inayoua injini nyingi. Kwenye kona yenye nguvu ya pembeni ya 1.0, yaani sawa na uzito wa gari, oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) inalala nyuzi 45. Kwenye 1.4 inafika nyuzi 54. Sampu ya kawaida ni pana na fupi, kwa hiyo oili inapanda ukuta wa upande mmoja na kinyonyeo kinabaki kikivuta hewa. Kwenye injini za boksa za Subaru kuna la ziada: silinda zimelala, hivyo oili inakimbilia kichwa cha upande wa nje na inachelewa kurudi sampuni. Kona fupi haina shida. Kona ndefu ya sekunde tatu au nne ndiyo inayomaliza beringi za konrodi (fimbo za pistoni). Dalili ya kwanza ni taa ya oili kumemeteka katikati ya kona kisha kuzima ukinyoosha usukani. Ya pili ni mlio wa kugonga kutoka chini, na hapo ujue injini inashuka.

Kinachosaidia: sampu yenye vizuizi na milango midogo inayoruhusu oili kuingia kwenye kinyonyeo bila kutoka, oili ijazwe hadi alama ya juu kabisa (wengine wanaongeza nusu lita juu yake, lakini ukizidisha hapo kranki inaipiga na kuitoa povu, na povu halilainishi kitu), na geji ya presha ya oili yenye taa ya onyo inayoonekana. Taa ya kiwandani inawaka presha ikiwa imeshakwisha.

Baada ya oili, stadi za magurudumu, zile boliti zinazoshika rimu. Stadi zilizokazwa miaka kumi na bunduki ya hewa huko gereji zimeshavutika. Kwenye kona ya sliki zinakatika, na haikatiki moja: ikikatika ya kwanza zilizobaki zinabeba mzigo wake, zinafuata. Toyota nyingi ni M12 yenye uzi wa 1.5, Subaru ni M12 yenye uzi wa 1.25. Msichanganye nati zake, zinaingia mizunguko miwili mitatu kisha zinaharibu uzi. Kazeni kwa spana ya kupimia, karibu Newton-mita 100 hadi 110 kwa magari haya, mrudie kupima baada ya mzunguko wa kwanza rimu zikiwa zimepoa. Rimu zinazotoka kwenye kontena mara nyingi tundu lake la kati ni kubwa kuliko habu, kwa hiyo wekeni pete za kujazia, na hakikisheni nati zina umbo la kukaa sawa kwenye rimu hiyo.

Beringi: inua gurudumu kwa jeki, shika juu na chini, tikisa. Ukisikia "tok", gari halitoki. Shika kushoto na kulia, tikisa. Ikicheza hapo, angalia ncha za usukani.

Breki sitaongea sana. Oili ya breki ya DOT 3 mpya inachemka kwa kiwango cha chini cha nyuzi 205, ikishavuta unyevu ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa hali yetu ya hewa, ile ambayo haijabadilishwa mwaka mzima ichukulieni kuwa imeshavuta unyevu.

Pasha_Moto

Wakuu, mnazungumza kama vile hizo sliki zitafika 1.4. Kwa utaratibu huu wa mizunguko mitano ya kilomita 1.6, nyingi hazitafika kabisa.

Sliki za mbio za magari ya GT zinazoletwa zikiwa zimetumika zimetengenezwa kwa mbio za nusu saa au saa nzima. Mpira wake unafanya kazi ukiwa kwenye nyuzi 80 hadi 100, na gari lake lina uzito mkubwa na mgandamizo wa hewa unaolisukuma chini. Mvishe Starlet ya kilo 800 na umpe mzunguko mmoja wa kupasha: juu ya ngozi utapata nyuzi 45 au 50, ndani bado baridi. Mpira huo ukiwa baridi ni mgumu, unateleza bila kupiga kelele, na mbele ya semi-sliki ya kawaida unapitwa. Tairi la barabarani linalia kabla ya kuachia. Sliki baridi inaachia kimya. Ndiyo maana naona hatari kubwa iko kwenye mzunguko wa kwanza uliopimwa, dereva akiamini ana mshiko ambao haujaja.

Pili ni umri. Kila sliki inapopata moto na kupoa, mpira unakauka kidogo. Timu zinazoziuza zimeshachukua uzuri wake. Kwa macho inaonekana nene na safi, vile vitundu vidogo vya kupimia unene vikiwa bado na milimita 2 au 3, lakini mpira umeshakufa. Chukua durometa ya Shore A (kipima ugumu wa mpira, namba kubwa ni mpira mgumu), pima tairi likiwa baridi, kivulini, sehemu tatu za uso wake. Sliki laini nzima inasoma kati ya 45 na 60 kutegemea mchanganyiko wake. Ikisoma 70 na kupanda, hiyo ni ngumu kama tairi la barabarani na haina mifereji. Hakuna sababu yoyote ya kuiruhusu.

Tatu, lami. Kama ni ile ya kokoto zilizomwagwa juu ya lami ya maji na kushindiliwa, kama barabara zetu nyingi za mikoani, kokoto zina ncha na sliki laini inanyolewa. Ukiona vijistari vya mpira vimejikunja kama ufutio wa penseli, uso unachubuka kabla ndani hakujapata moto. Na vumbi la murramu likiburuzwa na gari lililotoka nje, sliki inaliokota lote. Fagieni kona kila baada ya gari kutoka nje, la sivyo anayefuata anapita juu ya unga.

Kemba3

Niko upande wa kuruhusu, ila niseme kwa nini.

Ukikataza sliki na kuruhusu "matairi ya barabarani", swali la KonaYaPili la kupima linakuja palepale. Kigezo kinachotumika sana ni ile namba ya TREADWEAR iliyopigwa ubavuni, inayoonyesha tairi linachelewa kiasi gani kuisha: namba ndogo ni mpira laini. Kule Marekani chama cha mbio cha SCCA, kwenye madaraja yao ya Street ya mashindano ya koni, inataka isiwe chini ya 200. Lakini namba hiyo anaiweka mtengenezaji mwenyewe. Yokohama Advan A052 imeandikwa 200 na kwenye mizunguko mitatu itaishinda vibaya sliki nzee yoyote ya kontena. Toyo R888R imeandikwa 100. Hoosier A7 imeandikwa 40, ina mifereji miwili tu, na kisheria kule ni tairi la barabarani. Kwa hiyo hoja ya pesa haitatuliwi na marufuku ya sliki: mwenye pesa ataagiza A052 mpya, na asiye nazo atanyimwa sliki ya bei nafuu aliyoiona kwenye soko la vipuri la Kisekka.

Kuna jambo lingine linanisumbua zaidi. Ukiandika tu "sliki hairuhusiwi", mtu anakuja na tairi la barabarani lililobaki kipara, anasema si sliki. Hilo ni baya kuliko sliki. Mpira uliobaki ni ule mgumu wa chini, karibu na waya, unapata moto haraka na ubavu wake umeshachoka. Ukiona waya unameta popote, hata ukingoni kwa ndani ambako hapaonekani bila kulala chini ya gari, mrudisheni. Ukingo wa ndani ndio unaoisha kwa magari yaliyoshushwa.

Pendekezo langu ni madaraja mawili. Daraja la kwanza, treadwear 200 kwenda juu, mifereji isiyopungua milimita 2, na hapo wanaingia wote wanaorudi nyumbani na gari. Daraja la pili ni la sliki na semi-sliki, lenye masharti ya FundiBoksa yote: sampu yenye vizuizi, geji ya oili, stadi mpya, keji ya usalama (fremu ya vyuma ndani ya gari), kiti cha mbio na mikanda ya pointi nne au zaidi. Anayetimiza hayo yote ana gari linaloweza kubeba tairi hilo. Hatakuwa mtu wa kubahatisha.

Na kwenye daraja hilo wafundisheni kusoma tairi. Sliki kwenye gari lenye kemba (mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele) ya kiwandani, nusu digrii tu, inabebwa na bega la nje. Inataka digrii 2.5 hadi 3.5 hasi mbele. Ukisimama tu, choma sindano ya pairometa (kipimajoto cha tairi) ndani, katikati, nje. Nje ikizidi ndani, kemba ni ndogo. Katikati ikizidi pande zote, upepo ni mwingi. Anzeni na PSI 23 au 24 ikiwa baridi asubuhi. Hewa ya ndani ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 75 utapata nyongeza ya PSI 6 hivi, unaangukia 29 au 30. Atakayejaza 32 asubuhi kama ya safari ya Jinja atakuwa na 39 au 40 mchana, tairi limevimba katikati.

FundiBoksa

Kemba3, daraja mbili nakubali. Ongeza hili kwa wenye Subaru na Evo: matairi manne yawe na mzingo (urefu wa kuzunguka tairi) mmoja. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, milimita 6 na kidogo. Sliki za kontena zinaandikwa kwa upana na kipenyo kizima, mfano 200/580 ya rimu 15. Linganisha na 195/50R15 ambayo kipenyo chake ni milimita 576. Mtu akiweka 580 mbele na nyuma akabakiza 195/50, mzingo unatofautiana milimita 12 na zaidi. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inasaga muda wote, inachemka na kufunga. Pimeni kwa kamba kuzunguka tairi likiwa limejaa upepo. Msiamini maandishi, maana tairi lililoisha limepungua.

MkaguziLami

Kemba3, masharti yako ni mazuri na mimi nayachukua. Lakini hata keji na mikanda havirefushi zile mita 55. Daraja la pili liende tu kwenye njia iliyobanwa na koni.

BodaGP

Msisahau pikipiki kama mtazichanganya siku moja. Kwa pikipiki sliki bila blanketi za kupashia ni kuangusha watu. Blanketi inataka nyuzi 80 kwa muda wa saa nzima ili joto lifike hadi kwenye rimu. Dakika 15 zinapasha ngozi tu. Seti ya mbele na nyuma inakula karibu kilowati 1, kwa hiyo jenereta ya kilowati 2 inabeba pikipiki moja kwa raha, mbili kwa tabu. Asiye na blanketi avae tairi lenye mifereji, basi.

KonaYaPili

Asanteni sana wazee. Mvua je? Mnajua Septemba hadi Novemba, na pia Machi hadi Mei: asubuhi jua, saa nane mchana wingu linatoka ziwani, na upande mmoja wa mzunguko unanyeshewa upande mwingine mkavu.

Pasha_Moto

Hapo hakuna mjadala, ndugu. Tairi la upana wa milimita 200 likipita kwenye maji ya milimita 2 kwa kilomita 80 kwa saa, kuna karibu lita 9 za maji za kuondoa kila sekunde kwa kila gurudumu. Mifereji ndiyo njia ya maji hayo kutoka. Sliki haina njia, inapanda juu yake. Hata utando mwembamba usioonekana kama dimbwi unaipoza chini ya joto la kazi kwa mzunguko mmoja.

Utaratibu: msimamizi wa kona yoyote akiona lami imebadilika rangi, bendera nyekundu papo hapo, aliye uwanjani anapunguza na kuingia. Daraja la sliki linafungwa hadi mzunguko mzima uwe mkavu, akaguaye atembee kwa miguu. Anayetaka kuendelea awe na seti ya pili yenye mifereji, tayari kwenye rimu. Asiyekuwa nayo muda wake wa mkavu unabaki kuwa ndio muda wake. Msimpe nafasi ya kujadiliana, kwa sababu atasema ni matone tu.

KonaYaPili

Nimeandika rasimu hii, nirekebisheni:

"Daraja A: matairi yenye alama ya treadwear 200 au zaidi, mifereji milimita 2 au zaidi upana mzima wa uso, waya usionekane popote. Daraja B: sliki na semi-sliki, kwenye njia ya koni pekee, ugumu usiozidi 65 kwa durometa ya Shore A tairi likiwa baridi, matairi manne ya mzingo mmoja, sampu yenye vizuizi, geji ya oili, keji, mikanda ya pointi nne. Daraja B halitembei lami ikiwa imelowa popote. Ukaguzi ni mara moja asubuhi."

MkaguziLami

Iko vizuri, isipokuwa sentensi ya mwisho. Asubuhi mtaona matairi aliyokuja nayo barabarani, na atayabadilisha baada ya kupewa stika. Kagueni kwenye foleni ya kuingia, gari likiwa tayari limevaa matairi ya kukimbilia, na aliyekagua apige mstari wa rangi ubavuni mwa kila tairi. Gari likirudi bila ule mstari, muda wake unafutwa. Pia andikeni kwamba durometa inapimwa kivulini: tairi lililokaa juani saa moja linasoma laini kuliko lilivyo, na mtu atalianika makusudi.